Vikombe vya Wageni

Jumatano iliyopita ushirika wa nyumbani ulikuwa kwangu. Nilitandika vitambaa vyeupe kwenye viti, nikatoa vikombe vya kabatini. Kitindamimba wangu akauliza, "Mama, kwani leo nani anakuja?"

Swali hilo lilinichoma. Je, kupamba nyumba ni unafiki? Hapana. Katika Mwanzo 18 Abrahamu aliwaandalia wageni ndama. Kumheshimu mgeni si uongo. Unafiki wangu ulikuwa mwingine. Tangu watoto watoke shule nilikuwa nikiwafokea tu, lakini wageni walipobisha hodi, sauti ikawa asali. Wageni walipata vikombe vizuri na mama mzuri. Wanangu walibaki na vya plastiki na makelele.

Alhamisi tulikunywa chai kwa vikombe vya kabatini. Kimoja kilivunjika. Kwa neema ya Mungu, sikufoka.