Kijana Gani Huyo Mnayemwalika?

Kila mradi wa kuzuia watoto wasinywe pombe huwa na sentensi hii: tuwahusishe vijana. Sawa, nani atapinga? Mimi nauliza tu, kijana gani?

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 260, inasema kijana ni mtu aliyefikisha miaka 18 na hajafika 35. Chini ya hapo ni mtoto. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka huo huo, ile tunayoiita ya Mututho, inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya 18. Ziweke pamoja uone kituko: anayealikwa kwenye baraza la chifu kuongea juu ya pombe na watoto ni mtu ambaye sheria inamruhusu anywe. Mwenyewe anayeongelewa yuko nje, akibahatika atapewa tisheti na kuambiwa akariri shairi.

Shuka mpaka Sori au Muhuru Bay, kule Migori, ama Mbita upande wa Homa Bay. Mvulana wa miaka 15 anayevuta nyavu hulipwa pesa mkononi kama mwanamume mwingine yeyote. Hakuna anayemwuliza kitambulisho akikabidhiwa kamba. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Macalder pia, hakuna anayemwuliza akibeba mawe. Jioni akishika kikombe ndipo tunakumbuka ni mtoto. Kwani utoto ni stima, unawashwa na kuzimwa?

Na huyo mtoto anajua mengi. Anajua chang'aa inauzwa kwa nani, saa ngapi, na nani hupita kuchukua chake ili asione kitu. Anajua pia kwamba disko matanga, tunayoilaumu kila mwaka, mara nyingi hupangwa na watu wazima wanaotafuta pesa za mazishi. Ukitaka kuzuia kweli, hayo ndiyo unayohitaji kusikia.

Lakini tuseme muuzaji ni mama yake. Busaa na chang'aa zimelipa karo ya watu wengi tunaowaita waheshimiwa leo, tusijifanye. Ukimfanya msichana wa miaka 13 awe balozi wa kampeni, unamtaka asimame mbele ya kijiji aishtaki sufuria iliyomlisha. Hiyo mimi siiti kuhusishwa. Ni kazi ya polisi bila mshahara, na usiku lazima arudi kulala nyumba ile ile.

Wengine watasema basi tuwaache watoto, chifu afanye kazi yake. Chifu ameifanya tangu enzi za nyanya zetu. Chang'aa ilipigwa marufuku kabisa 1980, ikahalalishwa 2010 ili idhibitiwe, na mitungi bado inamwagwa leo na kujazwa kesho. Julai 2025 serikali ilizindua sera inayotaka umri wa kunywa upande hadi 21. Kama 18 haiheshimiwi pale kibandani, hiyo 21 ataiheshimu nani?

Mimi ningeanza na kitu ambacho mtoto anaweza kufanya bila kumtaja mzazi wake. Sheria hiyo ya 2010 inasema baa isiwe ndani ya mita 300 kutoka shuleni. Mita zinapimika. Wape wanafunzi kamba na mwalimu mmoja, waanze langoni, wahesabu mpaka kwenye baa yenye leseni ukutani na bango barabarani. Sufuria ya mama waiache kwanza. Wamwendee aliyepewa ruhusa na serikali. Waandike namba kwenye karatasi, waipeleke kwa kamati ya kaunti inayotoa leseni. Na kamati iwajibu kwa maandishi, jina la shule yao likiwa juu, hata kama mwenye baa anakaa kwenye kamati hiyo hiyo.