Haki ya Mtazamaji Aliyechoka

Je, mtazamaji ambaye hajawahi kuisoma hadithi ana haki gani ya kuihukumu filamu iliyotokana nayo? Swali hili huonekana jepesi hadi linapoulizwa kuhusu kazi mahususi. The Hobbit, hadithi ya J.R.R. Tolkien iliyochapishwa mwaka 1937 kwa ajili ya watoto, ni kitabu kimoja kisicho kikubwa. Peter Jackson alikigeuza kuwa filamu 3, zilizotolewa kati ya 2012 na 2014, ambazo kwa jumla huchukua karibu saa 8. Mtazamaji wa kawaida akizimaliza hutoa hukumu moja: zimerefushwa mno. Mpenzi wa Tolkien naye humjibu kwamba hana la kusema, kwa kuwa kitabu hakukisoma.

Jibu hilo lina uzito kiasi. Uchovu peke yake si hoja ya kihakiki, na urefu wenyewe si dosari. The Return of the King (2003), ya mwongozaji huyohuyo, hupita saa 3, na watazamaji wengi ambao hawakuwa wamemsoma Tolkien waliifuata hadi mwisho. Hata hivyo, filamu hiyo ilitokana na masimulizi mapana yaliyolazimu kupunguzwa. The Hobbit, kinyume chake, ilinyumbuliwa: viambatisho vya The Lord of the Rings vilichotwa, na Tauriel, mhusika asiyekuwamo kitabuni kabisa, akabuniwa.

Athari ya unyumbuaji huo ni ya kimaadili, wala si ya kifani tu. Kitabuni, Bilbo hupigwa na jiwe akazimia, na sehemu kubwa ya vita vya mwisho humpita. Kwa uamuzi huo wa kimsuko, msomaji hunyimwa anasa ya kuyafurahia mauaji. Filamu ya 3 imeyafanya mapigano hayohayo kuwa kiini chake. Kilichonyamaziwa kimegeuzwa tamasha. Mtazamaji apigaye miayo mbele ya mapanga hayo hajui ni nini kilichobadilishwa, lakini amehisi kwamba uwiano umevunjika.

Fanani wa fasihi simulizi huzisoma nyuso za hadhira yake, akafupisha aonapo watu wanasinzia. Filamu haiwezi kufanya hivyo. Mwenye kuitengeneza hana budi kuifikiria hadhira hiyo mapema. Anayeuomba muda wa mtu ana deni la kumpa kitu kinacholingana nao, na deni hilo halifutwi na heshima yake kwa mwandishi, seuze na faida ya kuuza tiketi mara 3.

Mlaji hahitaji kuwa mpishi ili ajue kwamba mchuzi umetiwa maji. Kukisoma kitabu humwezesha mhakiki kuonyesha kosa lilipotendeka na sababu yake. Lakini ushahidi kwamba limetendeka unaweza kutolewa na yule aliyechoka, na mhakiki mwadilifu hana ruhusa ya kumnyamazisha.