Mtungi Ulioachwa Kisimani

Mwanamke Msamaria alikwenda kisimani saa sita ya mchana kuteka maji. Akamkuta Bwana Yezu ameketi hapo, amechoka kwa safari. Yezu akaongea naye, akamjulisha ya kuwa ndiye Masiya anayengojewa. Mwanamke yule alifanya nini? Aliuacha mtungi wake palepale, akarudi mjini, akawaita watu waje kumwona. Hakungoja kesho. Hakusema, Kwanza nipeleke maji nyumbani. Wala hakusema, Mimi ni mwenye dhambi, watu watanicheka. Tena alikuwa hajabatizwa bado. Na Wasamaria wengi wa mji ule wakamsadiki Yezu kwa ajili ya neno lake.

Wako wakatekumeni wasemao: Kuhubiri ni kazi ya padri na ya katekista, sisi bado twajifunza. Neno hili lafanana na kweli, lakini si kweli. Mtu akiona usiku moto unashika nyasi za paa la jirani yake, je, atamngoja mkubwa wa kijiji aje kupiga kelele? Atapiga kelele yeye mwenyewe, kwa sauti aliyo nayo.

Ndivyo alivyofanya Isidori Bakanja, kijana wa Kongo, mtu wa kabila la Wamongo. Alikuwa msaidizi wa waashi huko Mbandaka. Hapo alisikia mafundisho ya mapadri Watrapisti, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Baadaye alikwenda Ikili, mahali pa kazi ya mpira, akawa mtumishi nyumbani mwa Mzungu. Hapakuwa na padri wala kanisa. Isidori hakuwa mtu wa elimu kubwa, lakini sala alizozijua aliwafundisha wenzake. Msimamizi wa mahali pale akachukia. Alimkataza kufundisha, akamwamuru kuivua Skapulari ya Bikira Maria shingoni mwake. Isidori hakukubali. Mwaka 1909 msimamizi yule aliamuru apigwe kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari, mapigo zaidi ya mia. Mgongo wake ukawa kidonda kimoja, nao haukupona. Mapadri walipomjia wakamwonya amsamehe aliyemtesa. Akawajibu kwamba amekwisha kumsamehe, na akifika mbinguni atamwombea sana. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909. Tarehe 24 Aprili 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri.

Tangu ubatizo wake hata kufa kwake ilipita miaka mitatu tu. Kama angalingoja mpaka ajue yote, wenzake wa Ikili wangalifundishwa sala na nani?

Basi mkatekumeni na aanze nyumba ya pili. Pengine yumo mzee mgonjwa. Leo yu hai. Kesho huenda watu watamlilia. Mkatekumeni asiende kwa kiburi, asimtukane kwa sababu ya hirizi zake, wala asimlazimishe, maana imani ni zawadi ya Mungu. Kwanza amtekee maji, amkokee moto, akae naye. Kisha amwambie kwa maneno machache: Mungu ni mmoja, ndiye aliyetuumba, huwatuza wema na kuwaadhibu wabaya. Katika Mungu mmoja mna Nafsi tatu, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Mwana akawa mtu, akafa msalabani kwa ajili yetu, akafufuka. Naye humsamehe mtu anayetubu.

Mzee akipenda neno hilo, mkatekumeni amwite katekista upesi, bila kungoja Dominika. Na kama kifo kiko mlangoni, wala hakuna padri wala mkristu karibu, naye mgonjwa anasadiki, anatubu na kutaka ubatizo, mkatekumeni asiogope. Kanisa lafundisha kwamba katika hatari ya namna hiyo kila mtu aweza kubatiza, hata asiyebatizwa, akitaka kufanya lile Kanisa linalofanya. Ammiminie maji kichwani, huku akisema: Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.

Mwanamke Msamaria aliuacha mtungi wake ili aende upesi. Mkatekumeni na auchukue wake, ampelekee jirani maji jioni hii hii, na Jina la Yezu pamoja nayo.