Je, Yafaa Kupatana Ujira Mbele ya Watu?

Mtu akipita sokoni Mfaranyaki siku hizi, au akiketi barazani baada ya ibada ya Jumapili, hakosi kusikia vijana wakibishana habari za wachezaji wa mpira. Jambo hilo si geni kwetu. Songea ina kiwanja chake cha Majimaji, na timu ya Majimaji, hao Wana Lizombe, ilicheza katika ligi kuu hata mwaka 2018 iliposhuka daraja, na wengi wetu tuliishangilia mpaka sauti zikatukauka. Lakini mabishano ya siku hizi si ya mabao tu. Kijana asiyejua bei ya mfuko mmoja wa mbolea aweza kutuambia mchezaji fulani wa Dar es Salaam apata kiasi gani kwa mwezi, mkataba wake wamalizika lini, ameahidiwa nini akiongeza miaka miwili, na amekataa nini. Amejuaje? Maneno hayo yalinenwa chumbani na watu wawili watatu. Nani aliyeyatoa nje, na kwa faida ya nani?

Tumeona vema kulitafakari jambo hili, wala si kwa ajili ya mpira peke yake. Swali lenyewe lamhusu kila mtu alipaye ujira na kila mtu aupokeaye: bwana na mtumishi wakiwa bado wanapatana, je, yafaa mmoja wao awaite watu waje kusikiliza?

Tutwae mfano unaojulikana na wengi. Bwana Feisal Salum, kijana wa Zanzibar ambaye watu humwita Fei Toto, alijiunga na Yanga mwaka 2018, akawa mchezaji wa kutumainiwa sana. Mwezi Desemba 2022 alitangaza kwamba ameiaga klabu hiyo, akaiwekea benki shilingi milioni 112, akidai kwamba kwa malipo hayo aweza kuuvunja mkataba wake. Klabu ikazirudisha fedha, ikasema mkataba wadumu hata Mei 2024, wala hauvunjwi kwa njia ile. Mwezi Januari 2023 kamati ya shirikisho la mpira, yaani TFF, ikaamua kwamba angali mchezaji wa Yanga. Akaomba marejeo, akakataliwa. Miezi ikapita, naye haichezei klabu yake.

Katika sheria hatutasema nani alikuwa na haki, maana kamati ilikwisha kusema. Sisi twatazama jinsi maneno yalivyokwenda. Kila upande ulinena redioni na magazetini. Mshahara ukatajwa, chakula cha kambini kikatajwa, hata mzazi wake akasemeshwa mbele ya watu. Mwezi Mei 2023 kijana akawaomba wananchi mchango wa fedha ili apeleke shauri lake mbele ya mahakama ya michezo ya kimataifa. Wengine wakamhurumia, wengine wakamcheka. Ndipo tarehe 5 Juni 2023, Yanga walipoalikwa Ikulu baada ya kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, Rais Samia Suluhu Hassan akawataka viongozi wao walimalize jambo hilo. Baada ya siku tatu kijana akatangazwa kuwa mchezaji wa Azam, na klabu hizo mbili zilikuwa zimekwisha kupatana.

Tazameni basi. Shauri lililoshindikana karibu miezi sita mbele ya umati lilimalizika kwa siku tatu chumbani. Ni kweli neno la Rais lina uzito wake, tena lenyewe lilisemwa mbele ya wageni wengi, kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba mlango uliofungwa ndio uliofanya kazi yote. Hata hivyo, kazi ya kupatana yenyewe haikufanyika redioni. Na msimu uliofuata kijana yule alifunga mabao 19 katika ligi kuu, akapitwa na Stephane Aziz Ki wa Yanga peke yake, aliyefunga 21. Miguu yake haikuwa na ugonjwa wo wote. Klabu ilikosa kazi ya miguu hiyo muda wote ule, na mwenyewe alikosa sehemu ya ujana wake, ambao kwa mchezaji ni mfupi kuliko msimu wa mvua.

Kwa nini umati huzuia mapatano? Twaona sababu kubwa ni hii: mtu aliyesema mbele ya maelfu kwamba hataongeza hata senti moja, kesho hawezi kuiongeza senti hiyo bila kuona haya. Kadhalika mchezaji aliyetangaza kwamba harudi tena, hawezi kurudi hata moyo wake ukitaka. Chumbani mtu hurudi nyuma hatua moja wala hapana amwonaye. Barazani kila hatua yahesabiwa, na kurudi nyuma huitwa kushindwa. Basi wote wawili husimama palepale, si kwa sababu neno lao ni la haki, bali kwa sababu wanatazamwa.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya magazeti. Kijana akitaka kuoa, haendi yeye mwenyewe kushindana na baba wa msichana habari ya mahari, hutumwa mshenga. Mshenga husikia maneno makali upande huu, akayameza njiani, akafika upande wa pili na maneno ya kusikilika. Baba asema, "Watu hawa wanatudharau, ng'ombe wawili ni kitu gani?" Mshenga afikisha, "Wazee wanaomba mwongeze kidogo." Wakiisha kupatana, hapana ajuaye kwa hakika nani alilegeza. Na msichana je? Hakusikia thamani yake ikibishaniwa kama ya debe la mahindi. Aingia nyumba ya mumewe bila donda moyoni. Lau maneno yote ya posa yangesomwa sokoni, pengine ndoa ingefungwa vile vile, lakini mke angekumbuka mpaka uzee wake nani alisema kwamba ng'ombe wawili wamezidi.

Mchezaji naye ni mtu. Akiongeza mkataba baada ya kusikia viongozi wake wakimpunguza thamani mbele ya watu, atacheza, maana amelipwa. Lakini neno lile halitoki.

Tena kuna udanganyifu mmoja ambao twapenda kuuonya. Shauri la ujira likitolewa nje, hugeuzwa kuwa shauri la upendo. Watu husema, "Kama aipenda timu, mbona ataka zaidi?" Mkulima wa tumbaku akikataa bei ya mnunuzi, hapana amwambiaye kwamba hampendi mnunuzi. Mwalimu akiomba nyongeza, hapana amwambiaye kwamba awachukia watoto. Au basi, wako wasemao hivyo, nao hawasemi kweli. Kudai ujira si kukosa shukrani. Kukataa kuuongeza nako si uovu, maana mwenye fedha ana mipaka yake. Lakini kiongozi ajuaye hayo yote, naye akawaachia washabiki waamini kwamba kijana ni msaliti ili aogope na kutia sahihi, huyo amemtwisha mwenziwe mzigo usio wake. Ametumia hasira ya watu kama fimbo, akaificha mikono yake.

Wala sisi tusijitoe. Mwaka ule 2023 tulikuwa tukiketi chini ya mwembe, nasi tulimwita kijana yule mlafi. Wengine kati yetu waliwaita viongozi wa Yanga wanyang'anyi. Hatukuwa tumeuona mkataba ule, hata ukurasa wake mmoja. Tulipokwenda kuungama dhambi zetu, je, nani kati yetu aliikumbuka ile? Amri ya nane haikusema kwamba jina la mchezaji ni halali kwa kila mdomo kwa sababu tu ni mtu maarufu.

Sasa yuko atakayetujibu hivi: Klabu hizi si duka la mtu mmoja. Yanga ilianza mwaka 1935, Simba mwaka 1936, nazo zina wanachama walipao ada. Mwanachama ana haki kujua fedha yake yakwenda wapi. Jibu hilo lina nguvu, wala hatulipuuzi, maana giza huzaa wizi, na sisi watu wa vyama vya ushirika tumeyaona hayo kwa macho. Lakini tuangalie vizuri. Katika chama chetu cha ushirika, mkutano mkuu husomewa hesabu za mwaka, na mishahara ya watumishi imo. Hapana mwanachama adaiye kwamba karani alipokuwa akiajiriwa angeitwa asikilize kila neno. Kujua kilichokubaliwa ni haki ya mwenye mali. Kusikiliza watu wakikubaliana ni jambo lingine, na mara nyingi ni tamaa ya masikio tu.

Desturi hii haiko kwetu peke yetu. Huko Marekani kuna mchezo wa magongo uchezwao juu ya barafu, wachezaji wamevaa viatu vyenye vyuma chini, na mishahara yake ni mikubwa kuliko tuwezavyo kuwaza. Mwezi Septemba 2025 magazeti yalitangaza kwamba Kirill Kaprizov, Mrusi achezaye katika timu ya Minnesota Wild, amekataa kuongeza mkataba wa miaka 8 kwa dola milioni 128. Maneno yakawa mengi. Mtu akataaye dola milioni 128 ataka nini tena duniani? Nao mwezi ulikuwa haujaisha alipotia sahihi miaka hiyo hiyo 8 kwa dola milioni 136. Hatumwonei huruma sana, twakiri. Lakini twauliza: hesabu ile ya kwanza iliwafaa nini watu wa Minnesota? Iliwapa wiki tatu za hofu na hasira, kisha mapatano yakafanyika bila wao, kama ambavyo yangefanyika hata wasingalijua neno.

Lakini liko jibu la pili, nalo latusumbua kuliko la kwanza. Mnyonge je? Klabu ina wanasheria, ina wasemaji, ina fedha. Kijana aliyetoka kijijini ana miguu yake tu, na pengine ndugu mmoja ajuaye kusoma. Akidhulumiwa chumbani, tumwambie anyamaze kwa kuwa siri ni njema? Hasha. Siri imlindayo mwenye nguvu si siri ya heshima. Ndiyo sababu hatuwezi kumhukumu sawasawa mchezaji aliyelia mbele ya watu baada ya milango yote kufungwa, na kiongozi aliyenena mbele ya watu akiwa yeye ndiye mwenye funguo. Bwana wetu alipofundisha habari ya ndugu akosaye, katika Mathayo sura ya 18, alianza na wawili peke yao, kisha shahidi mmoja au wawili, na mwisho ndipo kanisa. Hakuufuta mlango ule wa mwisho. Aliuweka mwisho.

Tena twakumbuka habari ya Yakobo na mjomba wake Labani. Wale wapendao kusoma na wafungue Mwanzo sura ya 29 hata ya 31, wataona kwamba ni habari ya mkataba. Yakobo alitumika miaka 20. Ujira wake ulibadilishwa mara nyingi. Naye hakuanza kukimbia siku ile tu. Kwanza alisikia maneno ya wana wa Labani, waliokuwa wakinung'unika kwamba amechukua mali yote ya baba yao, kisha akaona uso wa Labani si kama ulivyokuwa. Yaani maneno yalikuwa yamekwisha kuenea kabla wenyewe wawili hawajasemezana. Akatoroka kwa siri, na Labani akamfuata kwa hasira siku saba. Walipokutana mlimani walilaumiana sana, tena mbele ya watu. Lakini watu gani? Ndugu za huyu na ndugu za yule, ambao Yakobo aliwataka waamue kati yao. Hawakuwa umati wa kupiga vigelegele. Walikuwa watu wachache waliowajua wote wawili, na ambao kesho yake wangeishi na matokeo ya hukumu yao. Hao walikusanya mawe pamoja, wakala chakula juu ya chungu ile, na asubuhi Labani akawabusu binti zake na wajukuu wake, akarudi kwao.

Twadhani mpira wetu wahitaji ndugu wa namna hiyo. Kamati za shirikisho zapaswa kuwa hao, mradi mchezaji asiye na fedha aweze kufika mbele yao upesi bila kuchangiwa nauli na wapita njia. Na kila klabu, hata hizi za wilaya zinazocheza katika viwanja vya vumbi, ingefaa kumpa kijana nakala ya mkataba wake katika Kiswahili anachokielewa, naye apewe siku chache aende nayo nyumbani kwa baba yake na mjomba wake kabla ya kuweka sahihi.

Limebaki swali moja ambalo hatukuweza kupatana sisi kwa sisi tulipokuwa tukiandika maneno haya. Mwandishi wa habari akipewa siri ya mapatano na kiongozi, naye ajua kabisa kwamba amepewa ili amtishe mchezaji, je, achapishe kwa kuwa ni kweli, au anyamaze kwa kuwa amefanywa chombo? Wengine wetu husema kweli ni kweli, iliyoletwa na nani haidhuru. Wengine husema kweli iliyotumwa kupiga mtu si habari tena. Msomaji aliye na shauri juu ya hilo na atuandikie, nasi tutalichapa katika mwezi ujao kama nafasi itakuwapo.