Viota Juu ya Mikeka Yetu



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu zangu katika imani, leo naanza kwa kujihesabu mwenyewe. Mvua zilipoanza hapa Juba, minana walijaa kwenye mwarobaini ambao chini yake tunaswali Adhuhuri na Alasiri. Mnana ni yule ndege mdogo wa manjano mwenye kichwa cheusi. Hajengi peke yake. Mti mmoja hubeba viota kwa makumi. Dume hufuma kwa mdomo tu, unyasi baada ya unyasi, kisha hujining'iniza chini ya kiota akipiga mabawa kumwita jike. Jike asipokiridhia, dume hukifumua na kuanza upya.

Kinyesi chao kilichafua mikeka. Mimi ndiye niliyetoa shauri la kuviangusha viota, na mimi ndiye niliyeshika upondo. Nilisema ni kwa ajili ya tohara ya Swala. Makinda walianguka, na mama zao wakazunguka juu yetu wakilia hadi Magharibi.

Usiku nilirudi kwenye fiqhi, jambo ambalo ningelianza nalo. Kwa Wamaliki, kinyesi cha ndege anayeliwa ni tohara. Kwa Mashafii ni najisi, lakini husamehewa pale ambapo ni taabu kukiepuka. Basi dini haikunituma. Mikeka ingeoshwa, au tungeisogeza hatua kumi. Mara nyingi hasira zetu huvaa kanzu ya dini.

Katika Sunan Abi Dawud, Abdullah bin Mas'ud (R.A.) anasimulia kuwa Maswahaba wakiwa safarini walichukua makinda wawili wa ndege. Mama akaja akitandaza mabawa. Mtume (S.A.W.) alipomwona, aliuliza ni nani aliyemhuzunisha kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Mimi sikuwa na cha kurudisha.

Suratul An'am, aya ya 38, inatufunza kuwa ndege ni umma kama sisi. Wengi wetu tulikimbia nyumba zetu Desemba 2013, na tena Julai 2016. Katika watu wote, sisi ndio tungekuwa wa mwisho kuvunja nyumba ya kiumbe.

Wiki hii minana wameanza kufuma tena kwenye mti uleule. Mikeka tumeihamishia upande wa pili. Ndugu zangu, tuulize elimu kabla ya kunyoosha mkono.

Allah atusamehe na atutie huruma nyoyoni. Amin.