Mgeni Asiyelala

Katika siku za Kwaresima iliyopita walitujia mume na mke, Wakristo wenye ndoa ya Kanisa, wakazi wa Mbalizi, wenye nyumba ndogo ya kulala wageni kando ya barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia. Nyumba yao ina vyumba tisa. Walikuja na swali moja tu: Je, ni dhambi kukodisha chumba kwa saa?

Tulikuwa tayari kujibu. Jibu la swali kama hilo kila mseminari analijua, na padre mwenye kazi nyingi hupenda maswali yenye majibu mafupi. Lakini mama, ambaye ni mwepesi wa kusema kuliko mumewe, alituwahi: "Baba, usitujibu bado. Kwanza usikie njia tuliyoijia." Basi tukanyamaza, tukasikia. Twaona yafaa nanyi msikie, kwa maana wenye nyumba za namna hii ni wengi toka Iringa na Makambako hata Chimala na Tunduma, na wengi wao ni watu wa parokia zetu.

Tangu miaka ya 1990 mabasi ya abiria yalikatazwa kusafiri usiku, kwa sababu ya ajali na wanyang'anyi. Basi liliondoka Dar es Salaam alfajiri, likakata zaidi ya kilomita 800, likafika Mbeya giza likiingia. Abiria wa kwenda Sumbawanga, Ileje au ng'ambo ya mpaka hakuwa na la kufanya ila kulala njiani. Usingizi wake ulikuwa riziki ya watu wengi: mwenye chumba, mkaanga chapati, kijana wa kubeba mizigo, mama wa duka aliyeuza sabuni na mswaki saa tatu ya usiku. Mwaka 2023 Serikali iliamua kuyaruhusu tena mabasi ya usiku, nayo yakaanza mwezi Oktoba mwaka ule. Hatulaumu hata kidogo. Mgonjwa awahiye hospitali ya rufaa, mwanafunzi mwenye fedha kidogo, mfanyabiashara ambaye siku yake moja ni faida ya wiki nzima, wote hao wamepata nafuu. Lakini alalaye katika kiti cha basi halali katika chumba cha mtu.

Wenye mfuko mzito walikuwa wametangulia kutoweka. Kiwanja cha ndege cha Songwe kilianza kutumika mwaka 2012, na njia ya kwendea huko kutoka Mbeya yapita Mbalizi penyewe. Afisa ambaye zamani angelala siku tatu sasa aja asubuhi na kurudi jioni. Mama alisema huwaona wakipita, vioo vya magari vimefungwa.

Na watalii? Hapa yatupasa kusema kwa uangalifu, maana hesabu za Taifa ni njema. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea wageni kutoka nje zaidi ya 1,500,000. Mwaka 2020, mwaka wa korona, walishuka wakawa kama 620,000. Mwaka 2024 walizidi 2,100,000. Lakini wengi wao huelekea mbuga za Kaskazini na Unguja. Hata wale wachache wapandao kwetu kuona maua ya Kitulo, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, au wanyama wa Ruaha, mara nyingi wamekwisha kulipa kila kitu huko kwao kabla ya kufunga mizigo: ndege, gari, chumba, hata chai. Mgeni wa namna hiyo ashukapo garini kunyoosha miguu hana haja ya kununua hata ndizi.

Wako pia watalii wa nyumbani, nao ndio furaha yetu. Vijana wa Mbeya wapanga gari wakaenda Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu pale Kiwira, au Kimondo cha Mbozi pale Ndolezi. Wamebeba pilau ndani ya sufuria na soda katika ndoo ya barafu. Wapiga picha, waimba, warudi jioni. Fedha yao imekwenda kwenye mafuta ya gari na kwenye simu. Kosa lao ni nini? Hawana kosa. Wazee wao hawakupata hata nafasi ya kuyatembelea maajabu hayo. Hata hivyo watu wa Mbalizi hawakupata kitu kwao.

Hivyo vyumba tisa vikawa vitupu usiku hata usiku, na mkopo wa kujengea haujalipwa. Ndipo wakaja wageni wengine, waitwao kwa upole "wageni wa kupumzika". Waja wawili wawili, adhuhuri au saa nne ya usiku, bila mzigo. Wakaa saa moja, walipa karibu nusu ya bei ya usiku mzima, na chumba kimoja chaweza kupokea watu wa namna hiyo mara nne kwa siku. Mume, aliyekuwa kimya muda wote, alisema hapo neno lake la kwanza: "Baba, wiki ile tulilipa deni la miezi miwili."

Sasa tulijibu, lakini si kama tulivyokusudia mwanzo. Tuliwaambia kwamba saa yenyewe haina dhambi. Dereva wa lori aliyeendesha usiku kucha na kushuka mteremko wa Iwambi kwa hofu anahitaji kulala toka saa mbili ya asubuhi hata saa nane. Kumpa kitanda kwa saa hizo sita, shuka safi na maji ya kuoga, ni biashara ya haki, na pengine ni tendo la huruma pia, kwa yeye na kwa wale atakaokutana nao barabarani. Kadhalika mama mwenye mtoto mchanga angojaye basi. Kama wageni wamebadili saa zao, mwenyeji ana ruhusa ya kubadili zake.

Tofauti iko katika kujua. Wenye nyumba wengi husema, "Mimi nakodisha chumba, watu wafanyayo ndani ni yao na Mungu." Tuliwauliza wenzetu hawa juu ya kitabu cha wageni, kile kinachokaa mapokezi, ambamo kila alalaye huandika jina lake na atokako. Je, hawa wa kupumzika huandikwa? Mume alitazama chini. Hawaandikwi. Mtu asiyejua lolote angewaandika. Aliyeacha ukurasa mweupe amekwisha kujua.

Mwanachuo wa teolojia hapati kusahau hukumu moja ya mwaka 1679. Baba Mtakatifu Inosenti XI alikataa fundisho la waalimu fulani waliosema hivi: mtumishi anayemsaidia bwana wake kupanda dirishani ili amharibu msichana, akimchukulia ngazi na kumfungulia mlango, hana dhambi ya mauti, maadamu afanya hivyo kwa hofu ya kuteswa au kufukuzwa. Tulipokuwa seminarini tulicheka kidogo, tukaona ni kesi ya kale ya Ulaya, ya majumba yenye madirisha marefu. Kumbe ngazi ipo Mbalizi, nayo ni funguo. Na yatupasa kuona jambo moja katika kesi ile. Waalimu walibishana juu ya mtumishi, kwa kuwa yeye alikuwa na hofu. Juu ya mwenye nyumba hapakuwa na ubishi.

Tukauliza: saa nne ya usiku, ninyi mkiwa nyumbani mmelala, nani hutoa funguo?

Ni binti wa miaka ishirini, aliyetoka kijijini kufua mashuka. Zamani alifua mashuka ya vyumba vichache kila asubuhi. Sasa afua mara nne kwa siku, apokea fedha, atoa funguo, na huombwa na walevi mambo ambayo hayamo katika kazi yake. Mshahara wake ulipunguzwa wakati vyumba vilipokuwa vitupu. Vyumba vilipoanza kujaa tena kwa njia hii, haukurudishwa. "Alikubali," mume alisema. Hatuna shaka kwamba alikubali. Mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII alifundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi kuufanya mshahara kuwa wa haki, na kwamba mtu apokeaye masharti magumu kwa kuogopa mabaya zaidi amelazimishwa, ijapokuwa hakuna aliyemshika mkono.

Hapo ndipo tulipoona uzito wa swali lao. Abiria amebadili safari yake, naye ana haki. Mtalii amelipa kwao, naye hakuvunja sheria. Mwenye nyumba amepata hasara isiyo kosa lake. Lakini hasara, kama maji ya mvua katika milima yetu, hutelemka. Kila mmoja huipisha imfikie aliye chini yake, mpaka imkute mtu asiye na mtu chini yake, naye ni binti wa mapokezi. Yeye ndiye alipaye usingizi wa abiria, kwa mgongo wake na kwa dhamiri yake. Sikitiko letu ni kwamba hakuja na mabwana zake kutuuliza swali. Hakuna aliyefikiri kwamba naye ana swali.

Ili tusiwaonee wale wawili, twasema na jambo lililotufurahisha. Mume alituambia kwamba usiku mmoja, mvua ikinyesha, basi liliharibika karibu na mji, na abiria wakaja wakibisha milango. Jirani zake walipandisha bei mara tatu. Yeye alitoza bei ya siku zote, na mama akachemsha chai. Hakujua kwamba alikuwa akimfuata Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Mwalimu huyo, aliyefariki mwaka 1274, afundisha kwamba muuzaji aweza kudai zaidi kama kuachana na kitu chake kwamletea hasara. Lakini kama ziada yatoka katika shida ya mnunuzi tu, asiidai, kwa kuwa shida ile si mali yake, na mtu hawezi kuuza kisicho chake. Chumba ni chako. Mvua na basi bovu si vyako. Wengi huisoma methali yetu, Mgeni njoo, mwenyeji apone, kama kwamba dawa imo mfukoni mwa mgeni. Usiku ule mwenyeji huyu alipona kwa namna nyingine.

Lakini Mtakatifu Tomaso hakuishia kwa muuzaji. Asema pia kwamba kununua kitu kwa chini ya thamani yake ni udhalimu uleule. Maneno hayo husahauliwa sana, maana wauzaji ndio waonwao kuwa wadanganyifu, na sisi sote hujihesabu upande wa wanunuzi. Basi msafiri Mkristo afikaye saa tano ya usiku, akaona mapokezi hayana mtu na ubao wa funguo umejaa, akasema, "Nipe kwa nusu au naondoka," je, hauzi shida isiyo yake? Anamwona mwenyeji amebanwa, naye abana zaidi. Kisha asubuhi hupanda basi akitamba kwamba yeye si mtu wa kudanganywa.

Tulipokuwa tukiyasema haya kwa ufasaha mwingi, mama alitukatiza mara ya pili. "Baba," alisema, "tukiwakataa hawa wa kupumzika, watakwenda kwa jirani. Na huyo jirani ndiko semina zenu za parokia hulala. Kwetu mlikuja kuuliza bei mwaka juzi, mkasema ni ghali."

Hatukuwa na jibu. Ni kweli tuliuliza, na ni kweli tulisema hivyo. Kamati ilitafuta nyumba ya bei ya chini kuliko zote, ikaipata, ikasifiwa katika hesabu za mwaka. Hakuna aliyeuliza chumba cha usiku mzima chawezaje kuwa rahisi namna ile; na sasa twajua kwamba usiku wetu ulikuwa rahisi kwa sababu mchana wake ulikwisha kulipwa na wengine. Makatekista wetu walisali sala ya jioni katika vyumba vile. Walikwenda na sufuria zao pia, wakapika uani, wala hawakununua chapati hata moja kwa mama wa barabarani.

Wale mume na mke waliondoka bila kuahidi kitu, nasi hatukuwadai ahadi. Mwezi uliofuata walituarifu kwamba wameandika ubao mpya: chumba cha mchana kwa wasafiri wenye tiketi na madereva, na kila mtu aandikwe kitabuni. Deni lingali lipo. Mshahara wa binti umerudishwa nusu. Tuliwaambia kwamba nusu haitoshi, wakasema wanajua. Kwa upande wetu, semina ya makatekista ya mwezi wa Septemba imewekewa vyumba sita katika nyumba ile, kwa bei iliyoandikwa mlangoni. Mweka hazina wa kamati amelalamika, na malalamiko yake yatasomwa katika kikao kijacho.