Deni la Nakshi

Ruaha Mbuyuni iko mahali ambapo barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya inautoka Mkoa wa Morogoro na kuingia Wilaya ya Kilolo, chini kwenye bonde la joto la Mto Ruaha Mkuu, kabla magari hayajaanza kuupanda Mlima Kitonga. Ni nchi ya mibuyu na vitunguu. Mtu anayefuma, anayedarizi au anayetengeneza batiki akishuka hapo hakosi cha kuchukua: magome ya mibuyu yaliyojikunja na kuvimba, majaruba yaliyogawanywa kwa matuta membamba, ngozi za vitunguu zilizokauka zikawa nyepesi na zenye mishipa, udongo wa mfereji uliopasuka baada ya maji kukata, kamba zinazopishana juu ya magunia yanayosubiri lori. Namna ya kuyaona haya hufundishika. Kinachonishughulisha ni jambo lililo nyuma ya kuona. Mtu akiitoa nakshi katika maisha ya watu wengine na kuitia kwenye kitambaa, amechukua nini hasa? Je, amechukua umbo tupu lisilo na mwenyewe, au amechukua kitu chenye chanzo, ambacho kinaendelea kumdai hata baada ya kitambaa kuuzwa? Ninashikilia hili la pili. Nakshi za maisha ya kila siku ni athari za matendo, na anayezichukua amepokea amana. Amana hiyo huvunjwa pale uzuri unapobebwa na chanzo chake kikaachwa njiani.

Tuanze na mbuyu wenyewe. Miti mingi ikichunwa gome kuzunguka shina hufa. Mbuyu hustahimili: huotesha gome jipya juu ya jeraha, na mahali pale gome likabaki nene, lenye vinundu na mikunjo. Kwa karne nyingi watu wa Afrika Mashariki wamelichuna gome hilo kwa ajili ya nyuzi za kamba, na Wakamba wa Kenya walizisokota nyuzi hizo wakafumia vyondo. Tembo nao hulichuna kwa meno yao. Basi sehemu kubwa ya mawimbi yanayomvutia msanii kwenye shina la mbuyu mkubwa ni kumbukumbu ya visu, njaa za wanyama na uponyaji wa mti. Kitunguu nacho kikikatwa katikati huonyesha pete ndani ya pete, na kila pete ni kitako cha jani lililopata kusimama juu ya ardhi. Anayezihesabu pete anahesabu majani. Hata udongo uliopasuka haukujichora ovyo. Tope likikauka husinyaa, na kwa kuwa limeshikamana na ardhi iliyo chini haliwezi kukusanyika lote pamoja, hivyo hukatika. Nyufa za kwanza hukutana kwa pembe za mraba. Tope hilohilo likiloa na kukauka mara nyingi, pembe hujisogeza kidogo kidogo kuelekea umbo la pembe sita. Mwenye kujua hilo huangalia nyufa akajua kama ukame ulipita mara moja au umekuwa mgeni wa mara kwa mara.

Atakayepinga atasema kwamba yote haya ni kazi ya jicho. Binadamu huona sura za watu mawinguni na wanyama kwenye madoa ya ukuta, na kitu kinachoitwa nakshi, atasema, ni tabia ya akili kutafuta mpangilio pasipo na mpangilio wowote. Pingamizi hili lina nguvu, na nusu yake ni kweli, kwa sababu ni jicho linaloamua kipande kipi kiingie kwenye fremu na kipi kibaki nje. Lakini kuchagua si kubuni. Mwaka 1952 mwanahisabati wa Uingereza Alan Turing alionyesha kwa hesabu kwamba kemikali mbili zinazosambaa kwa kasi tofauti na kuathiriana zinaweza zenyewe kuzaa madoa na mistari, bila mchoraji na bila mtazamaji. Kanga wa porini angekuwa na madotidoti hata kama asingekuwapo mtu wa kumwangalia. Pete za kitunguu zilikuwapo kabla ya kisu. Kwa hiyo msanii anaposema ameipata nakshi fulani, asidhani amejipatia mwenyewe kutoka kichwani mwake. Waislamu hufundishwa kwamba viumbe ni ishara za Muumba, na Wakristo wanaoisoma Zaburi ya 19 wanakuta mbingu zikisimulia. Mapokeo haya mawili hayakubaliani katika mengi, lakini hapa yanakubaliana: kilichoumbwa kina jambo la kusema, na wajibu wa kwanza wa anayekitazama ni kusikiliza.

Mfano mgumu kuliko yote uko kando ya barabara. Gunia la vitunguu hujazwa hadi mdomoni, kisha juu yake huongezwa vitunguu vingine vingi vinavyozuiwa kwa wavu na kamba, hadi gunia linapata kichwa cha mviringo kinachokaribia ukubwa wa gunia lenyewe. Hiyo ndiyo lumbesa. Kamba za juu hushonwa kwa kupishana, zikavutwa kwa nguvu, zikagawanya uvimbe ule katika vyumba vya pembe nne vilivyobinuka, na ndani ya kila chumba vitunguu vyekundu vikajitokeza kwenye matundu ya wavu. Kwa mfumaji hiki ni kitu kizuri mno. Kina mstari, kina mvutano, kina rangi, na mguso wake unahisiwa kwa macho tu. Lakini kila mkulima anajua maana ya mvutano ule. Bei hupangwa kwa gunia, na mnunuzi anapodai lumbesa anabeba mzigo mkubwa zaidi kwa bei ileile. Sheria za vipimo za Tanzania zinaukataza ufungashaji huo, gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukiupiga vita kwa miaka mingi. Dini zimeukataza zamani zaidi. Sura ya 83 ya Qur'ani, Al-Mutaffifin, inaanza kwa kuwaonya watu wanaotaka kujaziwa wanapopokea na kupunguza wanapotoa. Mithali na nabii Amosi wanailaani mizani ya hila. Kwa hiyo uzuri wa kamba zile ni umbo halisi la kipimo cha dhuluma, na nadharia yoyote ya sanaa isiyoweza kusema lolote mbele ya gunia hilo bado haijaanza kazi.

Wapo watakaojibu kwamba msanii si hakimu. Umbo ni umbo, wanasema, na ukilifungulia kila umbo kesi yake hutapata cha kufuma, kwa maana hakuna mahali duniani pasipo na jasho wala dhuluma. Watataja kanga. Ile nakshi ambayo pwani huitwa korosho, tone lililopinda ncha, ilitoka Uajemi na India, ikapita kwenye shali za Kashmir, ikafumwa Ulaya, ikafika Zanzibar na Mombasa bila mtu kukumbuka asili yake, na bado ni nzuri. Ni kweli. Hata hivyo tuangalie watu wa pwani walifanya nini walipoipokea. Hawakuiacha bila chanzo. Waliipa chanzo kilichokuwa shambani kwao, kwenye mikorosho yao. Tena waliifanyia kanga jambo kubwa zaidi. Vazi hili lilizaliwa karne ya 19 likiwa na pindo na mji, yaani uwanja wake wa katikati, peke yake, na mwanzoni mwa karne ya 20 likaongezewa jina, yaani maneno yaliyochapwa chini ya mji, kwanza kwa hati ya Kiarabu na baadaye kwa hati ya Kilatini. Wanawake walioinunua doti hawakuridhika na ua linalopendeza likanyamaza. Walitaka kitambaa kiseme, nao wafanyabiashara wakawafuata. Ukitaka ushahidi kwamba watu wa kawaida wanaiona nakshi kuwa na wajibu wa kusema, huna haja ya kwenda kwa wanafalsafa. Umevaliwa mitaani zaidi ya miaka mia moja.

Pingamizi jingine ninaliheshimu zaidi, kwa sababu linatoka upande wa wanyonge. Linasema kuona nakshi ni anasa ya mpita njia. Anayepita na basi anaona majaruba yamepangika, na aliyeinama ndani yake anaona mgongo unaouma, maji ya zamu na deni la mbolea. Kuja na daftari la michoro mbele ya mtu huyo, wanasema, ni kuyageuza maisha yake kuwa pambo. Ninakubali hatari hiyo ipo. Sikubali dai kwamba mkulima haoni. Anaona kuliko mpita njia, ila yeye anasoma anachokiona. Majani ya kitunguu yakianza kulala na shingo ikalegea anajua muda wa kuvuna umekaribia. Ngozi ikikauka na kutoa sauti mkononi anajua kitunguu kitahimili ghala. Rangi ya udongo kwenye kona ya jaruba inamwambia maji hayakufika. Macho ya namna hii ni ya kale sana katika nchi hii. Isimila, kusini-magharibi mwa mji wa Iringa kwenye barabara ya Mbeya, wanaakiolojia walichimbua shoka za mawe zilizochongwa pande mbili kwa ulinganifu ambao kazi peke yake haikuudai, na baadhi ni kubwa kiasi kwamba ni vigumu kufikiri zilitumika mkononi. Waliozichonga waliishi kwa kuwinda na kukusanya. Hawakungoja kushiba ndipo watafute mpangilio. Kuona nakshi kulianza ndani ya kazi, na sanaa ya nguo ikikichukua kitu hicho inakichukua kwa watu waliokwisha kukisoma kabla yake. Ndiyo maana nasema deni.

Deni hili linalipwaje? Kwanza katika kazi yenyewe ya mikono. Mguso hauwezi kunakiliwa kama picha. Ukipiga picha gome la mbuyu na kuichapa kwenye kitambaa laini, umepata taarifa kuhusu mikunjo, mikunjo hukuipata. Ili upate mkunjo lazima uzi uvutwe na kitambaa kikatae, yaani kile kilichotokea kwenye mti kitokee tena kwa kiasi chake kwenye nguo. Batiki inalionyesha jambo hili vizuri. Nta ikigandia kitambaa huwa ngumu isiyonyumbuka, na kitambaa kikikunjwa nta huvunjika, rangi ikapenya kwenye nyufa na kuacha mishipa myembamba. Katika kisiwa cha Java, mafundi wa zamani waliihesabu mishipa hiyo kuwa kasoro, lakini kwenye vitenge vilivyouzwa Afrika ikapendwa. Anayetaka kulisema tope lililopasuka la Ruaha Mbuyuni kwa nta hahitaji kulichora. Ngozi ngumu isiyoweza kunyumbuka inakatika mbele yake kwa sababu iliyo ndugu ya ile ya shambani. Mafundi wa Buganda wa lubugo, yaani nguo ya gome, ambao kazi yao ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2005, hutwanga gome la mutuba kwa nyundo za mbao zenye mifereji, na mistari inayobaki kwenye nguo ni alama ya kipigo chenyewe. Kisha shina lililochunwa hufungwa majani ya mgomba lipone. Hapo uzuri, kazi na wajibu kwa mti vimekaa pamoja. Maganda ya vitunguu nayo, yanayotupwa kwa marundo mahali pa kufungashia, hutoa rangi kuanzia njano hadi kahawia yenye wekundu, hasa kitambaa kikitangulizwa kwenye maji ya shabu. Kitambaa kilichotiwa rangi hiyo kina kitunguu ndani yake kwa maana isiyo ya mfano.

Kuna mwumini atakayeuliza kama kurudia hivi matendo ya maumbile si kujifanya muumba. Kitabu cha Kutoka kinamjibu kwa kumtaja Bezaleli, aliyejazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya ufundi, na mwenzake Oholiabu. Kazi za kutarizi na kufuma zimetajwa waziwazi katika karama zao. Iringa mjini, Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ilianzisha Neema Crafts mwaka 2003 ili watu wenye ulemavu, wakiwamo viziwi, wapate ufundi na kipato, na ufumaji ni sehemu ya kazi zao. Kanisa halikuona kwamba mikono ile inashindana na Mungu, nami naona lilikuwa sahihi. Kiburi kinaanza pale mtu anapodai kwamba nakshi imetoka kwake peke yake.

Linabaki suala la lumbesa, na sitaki kulikwepa. Mfumaji anaweza kuzitumia kamba zile. Akiziacha, atakuwa amekubali kwamba uzuri unastahili mahali pasafi tu, na dhuluma itaendelea kufungashwa bila shahidi. Lakini akizifuma kama urembo tu, ziwe mto wa kochi katika nyumba ambayo hakuna anayejua zilifunga nini, amemfanyia mkulima kile alichofanya mnunuzi: amebeba zaidi ya alicholipia. Kujua hakupunguzi uzuri wa kamba. Kunaeleza kwa nini zimekaza vile, na anayeelewa mkazo ataufuma vizuri kuliko asiyeelewa. Kuhusu namna ya kumfikishia mnunuzi ujuzi huo, watu wengine wanaogopa kwamba kitambaa kitageuka hotuba. Hofu hiyo haina msingi kwa wasomaji wa Kiswahili. Kanga ina mahali pake pa maneno, chini ya mji, ndani ya pindo. Mji ukiwa kamba za lumbesa, jina linaweza kuwa namba mbili tu: kilo zilizolipwa na kilo zilizobebwa.